Kisanduku Kati ya Vinanda Viwili

Nimepiga kinanda zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda huo wote watu wa Kasongo wameniita kwa ndoa, kwa misa za sikukuu, kwa matanga ya mtu mwenye ukoo mkubwa. Napanda nyuma ya pikipiki, nafika, napiga, narudi. Wanaonisikiliza huona vidole tu. Mizigo hawaioni.

Na kazi yenyewe ilikuwa mizigo. Nilikuwa na vinanda viwili. Cha kwanza ni kizee, funguo zake zimeshakuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku, lakini ndani yake iko sauti ya ogani ambayo sijaipata penginepo. Cha pili ni chepesi, nilikinunua kwa ajili ya vinubi na tarumbeta. Juu ya hivyo kulikuwa na simu iliyobeba midundo ya ngoma, maana mpiga ngoma hakubali kwenda mbali kama Wamaza na kurudi juu ya pikipiki kwa ajili ya misa moja. Kila chombo na waya wake, na waya za akiba, na waya za kuunga waya. Nikifika kanisani, nilikuwa napiga magoti sakafuni kufungua mafundo kabla ya kuamkia mtu yeyote. Mgongo wangu ulianza kulalamika mapema. Nikaunyamazisha kwa mafuta ya kuchua.

Lakini mgongo haukuwa shida kubwa. Shida ilikuwa tundu. Kila nilipofika, mashine ya sauti ya kanisa ilikuwa na tundu moja tu la kunipa. Mengine yamekamatwa na mikrofoni ya padri, ya msomaji, ya kwaya. Basi nikawa na njia yangu, na leo naona haya kuieleza. Katikati ya wimbo, nilipotaka kutoka kwenye ogani kwenda kwenye tarumbeta, nilichomoa fishi, kile kichwa cha chuma cha waya, kwenye kinanda kimoja na kukichomeka kwenye kingine. Nilimfanyia fundi wa sauti ishara ya jicho, naye akateremsha sauti kwanza. Akiwa ananitazama, hakuna aliyejua. Akiwa anatazama kwingine, spika zilipiga paa! Kasongo watu walicheka. Mwimbaji mmoja, anayeniita Papa kama wengine wanavyosema baba, alizoea kusema, "Papa wa kinanda amepasua chupa tena." Nami nilicheka nao.

Kisha tukaenda Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu.

Ilikuwa ndoa, misa ya asubuhi, na kanisa limejaa wachimbaji waliovaa mashati mapya yenye mikunjo ya dukani bado. Kuta ni za matofali, milango mitatu, mmoja umezibwa na mabenchi kwa sababu ya wingi wa watu. Fundi wa sauti alikuwa katekista, mtu mzima mwenye adabu. Tulipofika kwenye wimbo wa matoleo, jenereta ilianza kukohoa, naye akatoka kwenda kuitazama. Sikumwona akitoka. Nilifanya ishara yangu ya jicho kwa kiti kitupu, nikachomoa fishi. Mkono ulikuwa na jasho. Fishi ikagusa chuma cha meza ya kinanda, ikagusa tena.

Paa. Paa.

Kwa watu wa Salamabila, waliokwisha kukimbia bunduki, huo haukuwa mlio wa chupa. Hakuna aliyeuliza ni nini. Nusu ya kanisa ililala chini, nusu ikaenda milangoni. Bibi arusi alikuwa sakafuni na gauni lake jeupe, bwana arusi amejilaza juu yake, mikono imefunika vichwa vyote viwili. Mimi nilisimama peke yangu na fishi mkononi, nikipiga kelele, "Ni mimi! Ni waya! Ni kinanda!" Nani angenisikia? Padri alibaki mbele ya altare, akasema kwenye mikrofoni, taratibu, mara nyingi, "Ni kinanda, watu wangu. Ni kinanda tu."

Walirudi. Ilichukua muda, mmoja mmoja, wakipangusa magoti, wakitafuta viatu. Watoto walilia. Kisha tukasikia kwamba mlangoni mama mmoja, shangazi wa bibi arusi, amesukumwa na watu na kuangukia ngazi, na mkono wake wa kuume umevunjika.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Baba wa bibi arusi alikuja, akaniinamia sikioni kama mtu anayemwambia mwenzake habari za msiba.

"Papa, haikuwa makusudi. Tunajua. Lakini usipige tena leo."

Misa iliisha kwa makofi na sauti za watu bila chombo. Waliimba vizuri. Mimi nilikaa juu ya sanduku langu, mikono juu ya mapaja.

Mchana nilikwenda kituo cha afya. Yule mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mkono umefungwa kwenye vipande vya ubao. Mwanamke wa miaka kama sitini, mwembamba, mkulima ukitazama nyayo zake. Nilimpa pole. Alinitazama kwanza.

"Ni weye mutu wa kinanda?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikimbiaka risasi mara tatu," alisema. "Mara tatu, na watoto mugongoni. Mukono haukuvunjika. Leo nimekimbia muziki, umevunjika."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeshangaa jambo, kisha akageuza uso dirishani, nami nikaona kwamba mazungumzo yamekwisha.

Dereva wa pikipiki aliyenibeba, ambaye amenibeba miaka mingi na anajua uzito wa kila mfuko wangu, hakufungua kinywa mpaka tulipopita Wamaza. Tulikuwa tumeshuka kusukuma pikipiki kwenye tope. Hapo ndipo aliniuliza.

"Mukubwa, hiyo kazi ya kuchomoa na kuchomeka, hakuna namna ingine?"

"Iko," nilisema.

Nikaendelea kusukuma. Ukweli ni kwamba nilijua siku zote. Mikseri, mashine za kuchanganya sauti za vyombo vingi, niliziona Kindu na Bukavu, kwa orkestra kubwa, zina upana wa mlango, zinabebwa na watu wawili. Nilijiambia hicho ni chombo cha wenye gari, nikaacha kufikiri hapo. Sikuuliza hata siku moja kama iko ndogo.

Niliacha kupiga. Sikumtangazia mtu. Walipoita, nilisema mgongo. Vinanda vilikaa juu ya kabati vimefunikwa kitambaa, na mke wangu, ambaye ni mshonaji, alishona kando ya kabati hilo bila neno wiki nyingi. Siku moja alisimamisha mashine yake katikati ya mshono.

"Umechoka kupiga, ao umechoka kubeba?"

"Nimechoka."

"Nimekuuliza kitu kingine."

Nilitoka nikaenda sokoni, nikazunguka kati ya wauza mchele na wauza samaki wa Lualaba, nikarudi mikono mitupu. Nilipofika, alikuwa anaongea kwenye simu na mdogo wangu wa kike, mwalimu wa Bukavu. Alinipa simu.

"Yaya," mdogo wangu alisema, maana ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "fundi mumoja wa hapa ananiambia iko ka mikseri kadogo. Kanaenea mu mufuko ya koti."

"Kadogo namna hiyo hakafanyi kazi."

"Umekaona?"

"Hapana."

"Basi nyamaza, nikatume."

Kisanduku kilikuja kwa ndege mpaka Kindu, kutoka hapo juu ya pikipiki, na kwa sababu ya mvua kilikaa njiani siku nyingi kuliko mtu. Nilipokifungua nilivunjika moyo. Kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Vifundo vyake vya kugeuza sauti ni vidogo, kidole gumba changu kinafunika viwili. Hakitaki hata umeme wa jenereta, kinakula kupitia waya wa kuchajia simu, na betri ya mkononi inakitosha misa mbili.

Nilikiweka kati ya vinanda viwili, kama inavyotakiwa. Ogani ikaingia tundu hili, kinanda chepesi tundu lile, simu ya midundo pembeni. Kila kimoja kina kifundo chake cha kukipandisha na kukishusha, na mwisho kuna kifundo kimoja kinachotawala vyote. Kutoka hapo zinatoka waya mbili tu kwenda kwenye mashine ya kanisa, na ikiwa kanisa lina tundu moja, waya moja inatosha. Hakuna kuchomoa. Vyote viko ndani, vinangoja zamu. Liko pia tundu la kaske za masikioni, ili mpigaji ajisikie kabla watu hawajamsikia. Hilo sikuwahi kuwa nalo maishani.

Nilijifunza nyumbani, mchana, kaske masikioni. Mke wangu hakusikia wimbo wowote, alisikia vidole vikigonga plastiki. "Leo unapiga nini?" aliuliza. "Mimi nasikia mutu anayetwanga mahindi." Siku za kwanza kulikuwa na mngurumo chini ya sauti zote, kama nyuki ndani ya ukuta. Nilibadilisha waya zote. Mwisho niligundua ni simu: ikiwa inachajiwa wakati inatoa midundo, inanguruma, ikila betri yake yenyewe, inatulia. Nilitumia siku tatu kwa jambo hilo dogo, na nilipolipata sikuruka kwa furaha. Nilikwenda kulala.

Mke wangu aliweka alama za rangi ya kucha kwenye vifundo, nyekundu kwa ogani, ili nisitafute. Seremala wa jirani alinikatia ubao, nikakifunga kisanduku juu yake pamoja na waya zote, nikazibana kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye ushonaji. Sasa nikifika mahali nalaza ubao, nafungua vinanda, natoa zile waya mbili. Namaliza kabla dereva hajamaliza kunawa vumbi usoni. Ule mfuko wa mafundo nauacha nyumbani.

Mtu angedhani nilifurahi. Kila nilipotazama kale kakitu niliona ngazi za mlangoni Salamabila.

Mwaka uliofuata wakaniita, familia ileile. Bibi arusi amezaa, mtoto anabatizwa. Nilidhani wamekosea namba. Baba yake alisema, "Hapana, Papa, ni weye tunatafuta." Nilikubali kwa sababu sikupata maneno ya kukataa.

Yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Nilikwenda kumsalimu kabla ya misa. Alinipa mkono wa kushoto. Wa kuume ulikuwa umepona umepinda, haunyooki tena kwenye kiwiko.

"Utapiga paa tena?"

"Hapana, mama. Ukuje uone."

Alikuja polepole mbele ya watu wote, nikamvisha kaske juu ya kilemba chake. Nikakamata ogani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikaanza kukigeuza kifundo chenye alama nyekundu, kidogo kidogo. Kisha nikaiteremsha ogani na kuviinua vinubi chini yake. Alikaza macho kwenye vidole vyangu.

"Inakuja kama mutu mwenye kupiga hodi," alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wenye masikio yaliyozibwa. Watu wa mbele walicheka. Alivua kaske, akanirudishia, na hapo aliteremsha sauti.

"Kama haka kakitu kalikuwako, sababu gani hukukaleta siku ile?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba barabara ni mbaya. Kwamba sikujua kama ni kadogo. Nilimwambia lililobaki.

"Nilizoea, mama. Watu walikuwa wanacheka, nami nikazoea."

"Haya," alisema. "Piga." Akarudi kwenye benchi lake la mlangoni.

Wimbo wa matoleo ulipofika, niliishusha ogani na kupandisha tarumbeta. Nilikuwa natazama mabega ya watu, safu kwa safu, kama mtu anayetazama maji kama yatatikisika. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanaimba tu, na mmoja alikuwa anapiga miayo. Sijawahi kupiga vizuri hivyo na kutoonekana hivyo.

Baada ya hapo walitukaribisha wali, sombe la majani ya muhogo na samaki. Mama aliagiza nikae karibu naye. Alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na samaki alimshinda kwa miba. Nilinawa tena, nikaitoa miba, nikamwekea vipande upande wake wa sahani. Alikula bila kusema asante, kama mtu anavyokula kwa nduguye. Aliniuliza habari za mpunga wa Kasongo, kama mvua imeuharibu. Nilimwambia imeharibu nusu yake.

Siku hizi nakubali safari chache. Kisanduku kimepunguza mfuko mmoja na magoti yangu hayagusi sakafu tena, lakini barabara ni ileile na mimi ni mzee kuliko mwaka jana. Juzi wamenipigia kutoka Wamaza, matanga ya mwalimu mmoja wa zamani. Daraja la mbao limekwenda na maji, dereva anasema tutavuka kwa miguu, yeye atatanguliza pikipiki na mimi nitabeba vinanda kichwani, kimoja kimoja. Nimewaambia nitafika Jumamosi.