Kamene na Mahindi ya Ng'ombe

Kamene anasaga unga hapa Kiganjo, mwaka wa kumi na nane sasa, na mimi nashona nguo mlango wa pili kutoka kinu chake. Ni mwanamke mjuaji kupita kiasi. Alipotangaza kwamba anaingia chuo kikuu akiwa na miaka arobaini na sita, nilimcheka hadharani. Akanijibu kwamba elimu haina mwisho, akaendelea kusaga.

Akasoma biashara, tena vizuri. Mwaka wa tatu, wanafunzi bora wa kila idara walichaguliwa wakawekwa darasa moja: wa sheria, wa uuguzi, wa mifugo, wote pamoja. Kila kundi lilitakiwa kutafuta tatizo la nyumbani, kulichambua, kisha kwenda kuwaeleza wenye tatizo lenyewe. Vijana waliliita darasa hilo Githeri, kama mahindi na maharagwe yaliyochanganywa sufuria moja, na Kamene wakamwita Mathe, yaani mama.

Kundi lake lilichagua mahindi yaliyoota kuvu. Alifurahi mno, maana hapo alijiona profesa. Siku moja wakiwa chumbani kwa Becky, msichana wa uuguzi anayeishi Kahawa Wendani, aliwaeleza anavyofanya kazi.

"Mimi sisagi kitu imeoza. Naambia customer atoe hizo mbaya, apatie ng'ombe."

Kimeu, kijana wa mifugo, aliweka kalamu chini. "Na maziwa inaenda wapi, Mathe?"

"Si watoto wanakunywa?"

"Basi wanakunywa na sumu. Ng'ombe akikula kuvu, inapitia kwa maziwa."

Becky akaongeza kwamba watoto ndio huumia zaidi. Kamene aliniambia baadaye kwamba hakusikia tena kitu. Alikuwa akiwawaza watoto wa mtaa huu mmoja mmoja, na wa kwanza alikuwa Eddie, mjukuu wangu.

Siku ya kutueleza ilikuwa Jumapili, kanisani kwetu, baada ya ibada. Barasa, kijana wa sheria katika kundi lao, alikuwa amemshauri asijitaje, aseme tu kosa ni la "wasagaji wengine". Nani angejua? Kinu hicho ndicho kinachomlisha na kumsomesha, na kule chini barabarani kuna kingine kinachosubiri wateja wake.

Kamene akasimama mbele yetu.

"Mnanijua. Ni mimi niliwaambia mpatie ng'ombe mahindi mbaya. Nilikosea. Mnisamehe."

Mimi nilisimama, nina hasira hata sioni mbele.

"Kamene! Eddie anakunywa hiyo maziwa kila siku! Na leo tukuamini kwa nini?"

"Usiniamini peke yangu, Mama Ciku. Kuamua peke yangu ndio kulifanya nikosee. Hawa watoto wa chuo wako hapa, waulize."

Nikaketi. Lakini niliwauliza, na wengine wakauliza, hadi chai ikapoa. Kimeu alisema mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kuwekwa, na yaliyooza yafukiwe, asipewe mnyama yeyote, hata kuku. Becky aliandamana nami na Eddie hadi kliniki siku hiyohiyo. Daktari alimpima akasema yuko sawa, nami nikalia pale pale kwenye benchi.

Jumatatu kinu kilinyamaza. Wanawake walipita na madebe yao wakielekea kule chini, huku Kamene akifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Nilimtazama kutoka kwenye cherehani yangu hadi nikachoka. Hasira nilikuwa nayo bado, Mungu anajua. Nikabeba debe langu, nikamwaga mahindi juu ya gunia mlangoni pake, nikamwambia, "Kaa chini tuchague."

Akakaa. Akachukua punje moja, akaigeuzageuza, akasita, kisha akanipa.

"Wewe unaionaje hii?"

Niliitazama vizuri, nikamwambia tuitupe. Mwanamke aliyekuwa akipita akasimama kutuangalia. Akatua debe lake, akauliza kama gunia lina nafasi.