Bi Mwanahawa wa Gerezani, Binti Nani?

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize. Haya yamenikuta mimi, niko macho kabisa, Ijumaa mchana, dukani kwangu Msimbazi ninapouza khanga.

Nasoma chuo cha jioni, bibi mzima mwenye wajukuu, nataka cheti changu kabla sijafa. Tukapewa kazi ya watu wawili: tumhoji bibi wa mjini juu ya majina ya khanga. Mwenzangu Shabani, muuza vipuri, akaiambia akili mnemba ya kwenye simu imtungie mahojiano. Ikamtolea Bi Mwanahawa, mjane wa mtaa wa Gerezani, na maneno matamu hayo! Akawasilisha bila kunionyesha, na jina langu kaliandika juu ya lake. Nilijua siku mwalimu aliposema anataka kwenda kumwamkia huyo bibi. Hasira zilinipanda.

Ijumaa ile wanaume wako msikitini, mtaa umepoa. Akaingia mama mtu mzima kunizidi, kavaa buibui la zamani.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Mimi Mwanahawa wa Gerezani."

Jina lile lile la kwenye kazi yetu! Nikajikaza, nikamuuliza kama tunavyoulizana sisi watu wa pwani: "Binti nani, bibi?"

Akaanza kulia.

"Sijui, mwanangu. Mmenipa mume, mkamfisha. Baba hamkunipa, mama hamkunipa. Nikifa, nani atanisomea hitima?"

Niamini, machozi yake yalidondokea khanga iliyokuwa mezani, na khanga haikulowa. Wewe ungefanyaje? Mimi nilipiga ukelele. Jirani alipofika, nilikuwa peke yangu.

Nikampigia Shabani, nikamsimulia, nikasema nakwenda kwa mwalimu. "Mama, hiyo presha tu," akasema. "Usituharibie, tumeshatoboa, alama tunazo!"

Presha! Nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza yote kuhusu ile kazi. Tumefutiwa alama, somo narudia mwaka mzima kwa uvivu wa mtu mwingine. Shabani hanisalimii, kana kwamba mkosaji ni mimi.

Simu sikuitupa. Naiuliza nisichokielewa, kisha nahakiki kitabuni. Watu nawahoji mwenyewe, kwa miguu yangu hii mibovu. Ila sasa kila mteja mgeni namuuliza kwanza ni binti nani, na wengine wanaona nawadharau, wanaondoka.

Nawe mwanafunzi mwenzangu, usiiache mashine ikuzalie mtu. Atakuja kuwatafuta wazazi wake, na mzazi atakayemkuta ni wewe.