Mama Alipocheza Mama wa Kambo

Tumbaku iliyokauka vizuri hainuki kama sigara. Ina harufu tamu na nzito, kama asali iliyoachwa juani, na ukikaa nayo muda mrefu inaingia kwenye nywele na kwenye kanga, inakataa kutoka hata kwa sabuni. Niliijua harufu hiyo kabla sijajua kusoma, kwa sababu ghala la zamani la tumbaku karibu na stesheni ya reli pale Mpanda ndilo lililokuwa ukumbi wetu. Msimu wa mauzo ulipokwisha na marobota yakaondoka kwa treni, ghala lilibaki tupu, sakafu imejaa vipande vya majani na nyuzi za katani, na mlinzi wake, mtu aliyependa muziki kuliko usingizi, alituachia mlango wazi. Jua likiwa bado linaingia kwa pembeni kwenye madirisha ya juu, watu wazima wa mtaa wetu walikusanyika mle kuimba na kuigiza. Walijiita Kikundi cha Jioni kwa sababu hawakuwa na muda mwingine wa kukutana. Miaka hiyo ya tisini Mpanda ilikuwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Rukwa, na Katavi kwetu lilikuwa jina la mbuga ya wanyama tu. Ukitoa redio, mpira wa Jumapili na kwaya za makanisani, burudani ilikuwa ile unayojitengenezea mwenyewe.

Aliyekianzisha kikundi ni Mwalimu Mlela, aliyefundisha shule ya msingi na kupiga gita lililopungukiwa uzi mmoja. Yeye ndiye aliyetunga michezo, nayo yote ilikuwa ya kuimba. Aliamini kwamba mtu akisema jambo utabishana naye, lakini akiliimba utamsikiliza hadi amalize. Mkono wake wa kulia alikuwa Masanja, Msukuma aliyeshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wa baba yake akajenga nje kidogo ya mji. Sauti ya Masanja ilizoea kuita mifugo kutoka upande wa pili wa bonde, na ndani ya ghala lile ilikuwa inatikisa mabati. Mwalimu alimwomba mara nyingi apunguze, naye alikubali kwa heshima zote, kisha akaimba vilevile. Halafu alikuwepo mama yangu. Nyumbani mama alikuwa mtu wa maneno machache. Aliimba sauti ya pili kanisani, alipika maandazi, na sikumbuki akinichapa hata siku moja. Akikasirika alinyamaza tu na kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Basi ninaposema kwamba Mwalimu alimpa nafasi ya mama wa kambo katili, mwelewe tulivyoshangaa. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Mtoto anafiwa na mama, baba yake, ambaye ni Masanja, anaoa mke mwingine, na mke huyo anamtesa mtoto mume akiwa safarini. Baba anarudi, anagundua, anamfukuza mke, na kikundi kizima kinaimba wimbo wa kumfukuza ambao Mwalimu aliupenda kuliko nyimbo zake zote. Nilikuwa na miaka kama tisa hivi. Binti aliyecheza mtoto alipohamia Sumbawanga na wazazi wake, Mwalimu alinitazama, akasema ninafanana na mtu mwenye njaa, na nafasi ikawa yangu. Nilifurahi sana. Kazi yangu ilikuwa kupiga magoti na ndoo ya maji kichwani wakati mama akila mbele yangu na kuimba, "Chota maji, twanga, pepeta, chakula ni cha wenyewe." Kila jioni alivyozidi kufanya mazoezi, ndivyo alivyozidi kuongeza maneno ambayo Mwalimu hakuyaandika. Siku moja aliacha kuimba kabisa, akainama hadi pua yake ikakaribia yangu, akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, "Kula kwa macho. Tumbo lako lilizikwa na mama yako." Mwalimu aliweka gita chini, kisha akasema maneno hayo yabaki.

Yalibaki, na yakatoka nje ya ghala. Baada ya onyesho la kwanza pale mjini, watoto wa shule waliniita Kula kwa Macho, na mimi nikaona ni cheo. Kwa mama mambo yalikuwa tofauti. Bombani, wanawake waliomjua miaka yote walicheka naye, lakini wasiomjua walisogeza ndoo zao kando. Sokoni mtoto mdogo alimwona akajificha nyuma ya gunia la karanga na kulia. Wateja wa baba, ambaye alikuwa fundi baiskeli, walimuuliza kama nyumbani kwake kunaliwa kweli, na baba, aliyependa utani, aliwajibu kwamba yeye hula akiwa gereji. Mama alivumilia na hata kucheka. Mimi ndiye niliyeanza kupata shida, na sikumwambia mtu. Usiku akinifunika shuka nilikuwa namtazama usoni nikijiuliza sauti ile aliitoa wapi. Kama haikuwa ya Mwalimu, basi ilikuwa ndani yake, na kama ilikuwa ndani yake, siku moja ingeweza kutoka tukiwa jikoni, bila gita wala ngoma. Nilianza kumaliza chakula changu haraka na kuosha vyombo kabla ya kuambiwa. Mama alinisifu kuwa nimekua.

Kiangazi kile tulialikwa kijiji cha Kabungu. Tulikwenda kwa baiskeli, kikundi kizima, ngoma zimefungwa nyuma kwenye keria, gita limevikwa gunia mgongoni mwa Mwalimu. Nilikaa mbele kwenye bomba la baiskeli ya Masanja, na kila tulipopita shamba alisalimia watu kwa sauti yake ile hadi wakasimamisha majembe. Baba alifuata nyuma kabisa na pampu na viraka, mama akiwa amekaa kwenye keria yake, na tairi zilipasuka mara nyingi kiasi kwamba Mwalimu alisema safari ile ni ya fundi na siyo ya wasanii. Tulifika na vumbi hadi kwenye kope. Jukwaa letu lilikuwa goli la kiwanja cha mpira cha shule. Tulitundika vitenge kwenye mtambaa panya vikawa mapazia, na kijiji kizima kikakaa chini mbele yetu baada ya ibada, wazee kwenye viti, watoto mbele kabisa karibu waguse miguu yetu.

Onyesho lilianza vizuri. Masanja alioa, akasafiri, watu wakamzomea mama mapema kabla hata hajafanya kosa lolote. Nikapiga magoti na ndoo yangu. Mama akala, akaimba, akainama. Aliposema lile neno la tumbo langu kuzikwa, machozi yalinitoka, na hayakuwa ya mchezo. Ndipo nikamwona bibi mmoja mwembamba, amejifunga kitenge cha rangi ya udongo, anainuka kutoka upande wa wanawake. Hakupiga kelele. Alikuja taratibu akiwaruka watoto, akafika golini, akaishusha ndoo kutoka kichwani pangu, akanishika mkono, akaniinua, tukaondoka. Mimi nilifundishwa kumtii mtu mzima, kwa hiyo nilikwenda. Kiwanja chote kilipiga makofi kikidhani ndivyo mchezo ulivyo. Mwalimu, akidhani mama amepanga jambo bila kumwambia, aliendelea kupiga gita. Nilipogeuka nilimwona mama amesimama na sahani mkononi, hajui kama aendelee kuwa mkatili au anikimbilie.

Nyumba ya bibi yule ilikuwa nyuma tu ya shule. Aliitwa Bibi Kalunde. Aliniweka kwenye kigoda, akaninawisha, akaniletea ugali wa muhogo na chungu cha kisamvu kilichotiwa karanga, akakaa kunitazama ninavyokula. Ilibidi nile, maana tangu asubuhi tulikuwa barabarani. Aliniuliza mama yangu alifariki lini. Nikamwambia hajafa, ni yule pale uwanjani. Akatikisa kichwa. Nikamweleza kwamba ni maigizo, kwamba tunafanya kila mara, kwamba ndoo huwa haijai. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama na machozi yalikuwa ya maigizo. Nikamega tonge jingine.

Mama aliingia akihema, bado ana wanja mweusi uliochorwa kumfanya aonekane mbaya. Nyuma yake nilimsikia Masanja uwanjani akiwaimbia watu nyimbo za ng'ombe ili wasitawanyike. Mama alipiga goti mlangoni, akatoa shikamoo, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema mimi ni mwanawe wa kumzaa. Bibi aliitikia marahaba, lakini mkono wake ulibaki begani kwangu.

"Maneno yale," akasema bibi. "Maneno kama yale hayatungwi."

Nilidhani mama atatafuta cha kufagia. Badala yake alikaa chini kabisa, kwenye udongo, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Hayakutungwa, bibi," akasema. "Niliambiwa mimi."

Bibi Kalunde aliniachia bega. Alisema kwamba yeye naye aliambiwa, siyo maneno hayohayo ila yanayofanana nayo, na kwamba aliyemwambia alishakufa zamani. Akamuuliza mama kama aliyemwambia yeye bado yu hai.

"Yupo Karema," akasema mama. "Namtumia sukari."

Niliacha kutafuna. Bibi wa Karema nilimjua vizuri. Alikuwa hana meno, alipenda kunifinya mashavu na kucheka hadi akohoe, na kila mara basi la kwenda huko lilipoondoka mama alimtumia kifurushi. Sikuwahi kuambiwa kwamba siye aliyemzaa mama. Bibi Kalunde aliuliza kama yule bibi aliwahi kumwomba msamaha. Mama alisema hapana, na kwamba anadhani ameshasahau, na kwamba mwanzoni alituma sukari ili amkumbushe, lakini sasa anatuma kwa sababu yule bibi anapenda chai. Wote wawili walicheka kidogo. Ndipo mama alinitazama na kuniita nije, akanifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema, "Ile sauti siyo yangu, Sesi. Naijua tu." Hofu iliyokuwa imenikaa majuma yote yale ilinitoka palepale, nikajisikia mwepesi, na nikaomba kuongezewa kisamvu.

Bibi Kalunde alitaka kujua mchezo unaishaje. Mama akamweleza jinsi baba anavyorudi na mke anavyofukuzwa kwa wimbo. Bibi alifikiri kidogo.

"Akishafukuzwa," akasema, "mtoto anapata nini?"

Bibi akafunika chungu chake kwa sahani ya ugali, akakitwika, akatuambia twende tukamalize.

Watu walikuwa bado wamekaa. Masanja alikuwa amefikia wimbo wa ndama, na nusu ya kiwanja ilikuwa inamwitikia. Tulirudi golini, mchezo ukaendelea, Masanja akarudi kutoka safarini, akagundua, akanyoosha fimbo kuelekea barabarani na Mwalimu akapiga nyuzi za wimbo wake alioupenda. Mama hakuondoka. Alichukua kata, akaninawisha mikono mbele ya watu wote, akakipokea chungu ambacho Bibi Kalunde alikileta mwenyewe hadi jukwaani, akakaa chini na kunimegea tonge. Halafu akaimba wimbo wetu uleule kwa maneno mengine, "Chota maji, tunawe, tule, chakula ni cha wenyewe." Mwalimu alibaki na mdomo wazi, vidole vyake vikatafuta njia. Masanja alisimama na fimbo yake hewani hadi ikamchosha. Mwishowe aliishusha, akakaa, akanawa, akala, kwa sababu naye alikuwa na njaa ya kweli. Wanawake walipiga vigelegele. Bibi Kalunde alisimama kando ya mlingoti wa goli, mikono kifuani, akitazama kila tonge.

Njiani kurudi Mwalimu alilalamika kuhusu wimbo wake hadi tukaiona stesheni, ingawa kwenye mazoezi yaliyofuata alikuja na wimbo mpya wa chungu na akasema alikuwa nao kichwani siku zote. Baba alikuwa amefunga kwenye usukani kuku tuliyezawadiwa kijijini. Mimi nilikataa baiskeli ya Masanja, nikabanwa nyuma pamoja na mama, nikalala nimemkumbatia kiuno.

Sasa Mpanda ni manispaa na makao makuu ya mkoa. Maji yanaingia hadi ndani ya nyumba, na ukitaka kwenda Kabungu unapanda pikipiki na unafika bila vumbi kwenye kope. Mabanda ya video yalipokuja, Kikundi cha Jioni kilipungua mtu mmoja mmoja. Masanja alihamia na ng'ombe wake upande wa kusini, Mwalimu Mlela alistaafu na baadaye akafariki, na ghala halipo. Sisemi kwamba zamani ilikuwa bora, kwa maana nayakumbuka mabega yangu chini ya ndoo za bombani. Mama anaishi kwangu, amezeeka, na wanangu wamemfundisha kutazama vichekesho kwenye simu. Anavipenda. Husema vijana hawa wanajua kuigiza kutuzidi sisi. Juzi alimtazama dada mmoja anayelia vizuri sana, akaniuliza yule dada anajuaje kama watu wameguswa. Nikamwonyesha alama ya moyo, nikamwambia abonyeze, ujumbe utamfikia. Akabonyeza, kisha akaendelea kuishikilia simu mbele ya uso wake, akimsubiri yule dada ageuke amwone.