Bata Walioniumbua Ukweni

Nitajicheka mwenyewe kabla hamjanicheka.

Juzi nilikwenda Mikumi na dada yangu Zuhura kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Sebuleni nikakuta gemu la televisheni la kupiga bata kwa bunduki ya plastiki. Baba yetu alituletea kama hilo tukiwa watoto kwetu Kilosa, bidhaa za nje zilipoanza kufurika madukani.

“Mzee, utotoni sikuwahi kukosa bata!” nikajisifu.

Baba mkwe, askari mstaafu wa wanyamapori, akawaita mkewe na binti yake. “Njooni mwone shabaha ya mgeni wetu.”

Nikapiga goti, nikafumba jicho moja. Bata kumi wakapita, wote wazima. Nikadai bunduki ni mbovu. Mzee akaipokea, akaangusha watatu bila kuinuka kwenye kochi.

Nikamgeukia Zuhura. “Dada, si unakumbuka nilivyokuwa napiga? Waambie!”

Zuhura akainamisha uso. “Mdogo wangu, ulikuwa unalia sana ukinyimwa bunduki. Bunduki zilikuwa mbili. Yako hatukuwahi kuichomeka kwenye gemu. Bata nilikuwa nawapiga mimi, nimesimama nyuma yako.”

Wa kwanza kucheka alikuwa mchumba wangu.