Ghorofa ya Thelathini na Moja

Kila siku saa kumi na moja kasorobo, Dobi alikuwa anavua viatu mlangoni, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko kuondoa harufu ya sabuni ya kazini, halafu anakaa kwenye zulia mbele ya tivii na kugeuka watu wawili.

Watu wawili kwelikweli, si utani. Padi moja ya gemu mkono wa kushoto, nyingine mkono wa kulia. Wa kushoto ni Mwekundu, yaani yeye mwenyewe. Wa kulia ni Kijani, kaka yake.

Gemu lenyewe ni la zamani, la zile kaseti unazozipuliza vumbi kabla ya kuzichomeka. Watu wake wameundwa kwa vipande vya mraba, pua hamna, vidole hamna, macho nukta mbili. Wanapanda mnara, basi. Hakuna wa kupigana naye wala wa kumpiga risasi. Ila lina roho mbaya ya aina yake: picha haipandi mpaka wote wawili wapande. Mmoja akikimbilia juu mwenzake akiwa amezubaa chini, picha inagoma, anabaki kugonga kichwa kwenye dari kama nzi dirishani. Kila mmoja ana roho tatu. Tunda ukiliokota ni pointi mia. Na pale ukuta unaporefuka kupita kiasi, mmoja anainama, mwenzake anamkanyaga mgongoni anaruka. Anayeruka hapati kitu. Aliyeinama ndiye anapata mia mbili.

Utotoni hilo liliwagombanisha sana.

"Mimi ndiye niko juu, mbona pointi unapata wewe?"

"Mgongo unauma, bibie. Hizo ni za dawa ya kuchua."

Ndivyo alivyokuwa huyo kaka. Mtaa mzima ulimwita Ngedere, kwa sababu antena ya mtu ikipinda, kabla hujaulizia ngazi yeye alishafika juu ya bati. Mwishowe kupanda kukawa kazi. Alichukuliwa na watu wa minara ya simu, akaondoka na begi moja, miaka kumi na moja iliyopita. Mwanzoni alikuwa anapiga kwenye simu ya jirani. Jirani akahama, simu akahama nayo. Baada ya hapo, kimya. Kimya kile cha kuweka sikio ukutani.

Mama yao alibaki na kiti chake cha plastiki karibu na mlango wa jikoni. Macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono; rangi anaziona, sura hazioni. Jioni moja, mwaka wa pili wa ukimya, alikuwa na homa, akauliza kwa sauti ndogo, "Ndugu yako yuko wapi?" Dobi alikuwa na padi mkononi. Mdomo ukamtangulia akili: "Huyu hapa, mama. Anapanda."

Mama akaangalia kile kidoa cha kijani kinachorukaruka. Akatulia. Usiku ule alilala.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo habari ya jioni.

"Ndugu yako yuko wapi leo?"

"Ghorofa ya ishirini, mama."

"Ana roho ngapi?"

"Zote tatu."

"Mwambie asikimbie. Yeye na haraka ni watoto wa tumbo moja."

Kwa hiyo Dobi hakuthubutu kumwangusha Kijani. Mwekundu alikufa atakavyo, nani anamjali, lakini Kijani alibebwa kama yai. Mpaka ghorofa ya thelathini na moja. Hapo ndipo hata walipokuwa wadogo walikuwa wanakwama. Pale anayeinama anabaki chini, aliyeruka anashika kamba kutoka juu, na namba zinaanza kuhesabu kutoka kumi kwenda sifuri. Wa juu lazima aishikilie kamba kwa vifungo viwili, na wa chini apande kwa vifungo viwili, zamu kwa zamu, haraka. Ikifika sifuri kamba inakatika, na aliye chini anakwenda na roho zake zote. Haijalishi alikuwa na ngapi. Enzi zile Ngedere akidondoka, Dobi alikuwa anazima mashine palepale waanze upya. Hakuwahi kupanda peke yake hata ghorofa moja.

Mtu mmoja hana mikono minne. Basi kila jioni Dobi anawafikisha pale, anawasimamisha chini ya ukuta, anasema, "Wamepumzika, mama," na anazima.

Ila kabla ya kuzima kulikuwa na kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Mtu wa kwenye gemu hilo ukimwacha bila kumgusa, baada ya muda anageuka. Anauacha ukuta, anakutazama wewe uliye nje ya kioo, na anaanza kupigapiga mguu chini. Mwekundu naye anafanya hivyo, wametengenezwa hivyo. Lakini Kijani, Dobi angeapa, ndiye alikuwa anawahi. Siku nyingine alikuwa anageuka hata kabla mkono haujaiachia padi. Nukta mbili nyeusi, zinamtazama. Mguu: tap, tap, tap.

Kazini hakuachwa pia. Pasi ya mvuke ikipumua, yeye anasikia mlio wa kuruka. Mashine ya kukausha ikizunguka, anasikia ule muziki wa mnara, noti sita zinazojirudia. Mwenzake wa meza ya pili, mama mtu mzima waliyemwita Shangazi, alimtania mpaka basi.

"Unaongea na nani huko kwenye mvuke?"

"Siongei."

"Midomo inacheza. Kama ni mwanamume mwambie aje na wa kwangu, mimi sichagui."

Sasa, siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mwanamume mmoja mrefu, sauti inakwaruza kama redio ya zamani, alileta mashati manne. Dobi alikuwa anashona vipande vya namba kwenye kola ili yasipotee. Yule mtu akasimama tu pale kaunta, haondoki.

"Dada, samahani. Unafanana na mtu."

"Watu tunafanana, kaka. Yatakuwa tayari Alhamisi."

"Si sura. Hivyo unavyouma ulimi ukifanya kazi. Kuna mtu nilikuwa naye kwenye minara, akipanda anauma ulimi hivyo hivyo. Pembeni, upande wa kulia. Tulikuwa tunamwambia siku moja utaumeza."

Sindano ikasimama hewani.

"Mlikuwa mnamwitaje?"

"Ngedere."

Shangazi alikuwa na utani tayari mdomoni, akaumeza.

Dobi aliuliza kwa sauti yake ya kaunta, ile ya kuulizia kama shati linataka wanga au halitaki. "Yuko wapi siku hizi?"

Yule mtu akaanza kuangalia viatu vyake. Huhitaji kwenda shule ndefu kuelewa mtu akiangalia viatu. "Dada, kwani hamkuambiwa?"

Akasema. Ngedere alikufa miaka tisa iliyopita. Hakuanguka. Dobi miaka yote, alipowaza mabaya, alikuwa anauona mnara, upepo, mkono unaoteleza. Wala. Alikufa kitandani, nyumba ya kulala wageni, homa ya siku tatu. Siku ya kwanza alicheka, ya pili akanyamaza, ya tatu asubuhi wakamkuta. Walimzika wao, watu sita wa kazini.

"Na nyumbani kwao? Hamkutafuta nyumbani kwao?"

"Tulitafuta. Kwenye begi hatukuona karatasi, na ofisi ilikuwa imeshahamisha mafaili. Sisi tulimjua kwa Ngedere tu. Utaandika barua kwenda kwa Ngedere?"

Miaka tisa. Dobi akapiga hesabu bila kutaka, na jasho jembamba likamtoka. Ile jioni ya homa, aliposema "huyu hapa anapanda", Ngedere alikuwa ameshazikwa. Alikuwa hajawahi kumchezesha mtu aliye hai, hata jioni moja.

Shangazi akamwambia nenda nyumbani, mimi nitamalizia. Hakwenda. Alipiga pasi yale mashati manne palepale, yakiwa bado machafu, mpaka yakaanza kuungua.

Njia nzima alikuwa anatafuta maneno. Kila aliloshika lilikuwa la moto. Mpaka anafika kwenye ngazi alikuwa amekata shauri: hatasema. Leo atamwacha Kijani chini, kamba ikatike, mama aone. Mama akiuliza kama amekufa, atajibu ndiyo. Uoga mtupu, anajua, lakini ndiyo nguvu aliyokuwa nayo.

Alipofungua mlango, tivii ilikuwa imeshawashwa. Noti sita zinajirudia chumbani. Mwekundu na Kijani wako kwenye ghorofa ya kwanza, na Kijani amegeuka, anamtazama yeye mlangoni. Tap, tap, tap.

Nywele za kisogoni zikamsimama.

"Nani amewasha?"

"Mimi," mama akasema. Alikuwa ameshuka kwenye kiti, amekaa zuliani, miguu ameinyoosha, padi ya kulia iko mapajani. "Miaka yote nakusikia ukibonyeza, unafikiri sijui? Njoo. Leo nitamshika mimi."

"Mama, huwezi kuona."

"Kijani nakiona. Kaa chini."

Akakaa. Angefanya nini?

Mama alikuwa mchezaji mbovu wa kutupwa. Alimkimbiza Kijani ukutani, akamrusha pasipo na kitu, akamwinamisha katikati ya njia bila sababu. Ghorofa ya tisa akamdondosha. Roho moja ikaenda, ya kwanza tangu siku ile ya homa.

"Ameumia?"

"Anarudi, mama. Huyo hapo."

"Alinisukuma yule mwekundu. Nimemwona."

"Mimi ndiye mwekundu!"

"Basi acha kumsukuma ndugu yako."

Siku nyingine wangecheka mpaka jirani agonge ukuta. Dobi alijaribu, kikatoka kitu kingine, akakigeuza kikohozi. Mama akamgeuzia sikio. Wakapanda. Kadiri walivyopanda, vidole vya mama vilikuwa vinazoea, na Dobi akaanza kuogopa jambo ambalo hakulitegemea: kwamba leo, kwa mikono minne, wanaweza kuvuka. Kijani atapanda ile kamba. Atakuwa hai ghorofa ya thelathini na mbili, thelathini na tatu, na yeye atamwambiaje mama?

Thelathini na moja. Ukuta. Mama akamwinamisha Kijani bila kuambiwa. Mwekundu akamkanyaga, akaruka, akashika ukingo. Mia mbili zikalia, ting, kwa Kijani. Kamba ikashuka.

Kumi. Tisa.

"Bonyeza, mama. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia!"

Kijani akapanda hatua moja. Mbili. Nane. Saba. Yuko katikati. Dobi ameishikilia kamba kwa vidole vyote, anauma ulimi, na machozi yanamwagika mashavuni bila ruhusa. Sita.

Mama akaacha kubonyeza.

"Mama!"

"Tangu umeingia hujaniletea hata salamu za Shangazi," mama akasema. Alikuwa amegeuka, anamtazama kwa yale macho yasiyoona sura. "Na unanuka mashati yaliyoungua. Umeambiwa nini huko?"

Nne. Tatu.

"Bonyeza kwanza, nakuomba."

"Mimi sijachanganyikiwa, mwanangu. Najua hii ni michoro. Nilikuwa nauliza kwa sababu ni saa hii peke yake ulikuwa unanitajia ndugu yako. Sasa nataja mimi. Yuko wapi?"

Kamba ikakatika. Kijani alianguka kimya, hata mlio hakutoa, akapita ukingo wa chini. Namba za roho zake zikawa kistari.

"Amekufa," Dobi akasema. "Miaka tisa."

Akamwambia yote. Homa, siku tatu, watu sita. Mama hakupiga kelele. Aliiweka padi zuliani polepole, kama mtu anayelaza kitoto kilicholala, halafu akajishika magoti akawa anayumba, mbele, nyuma, bila sauti. Wakakaa hivyo mpaka mwanga wa dirishani ukahama ukuta. Noti sita zinaendelea tu.

Kidole cha Dobi kilikuwa bado juu ya kifungo. Hakujua lini kilibonyeza. Picha, ambayo haikuwa na wa kumsubiri tena, ikapanda, na Mwekundu akajikuta ghorofa ya thelathini na mbili. Hamna cha ajabu kule. Matofali yaleyale, ila ya bluu.

Ting.

Mama akaacha kuyumba. "Hiyo ya nani?"

Dobi akaangalia juu ya kioo. Pointi za Mwekundu ziko palepale. Za Kijani zimeongezeka mia mbili. Akamrusha Mwekundu, akapanda ghorofa nyingine. Ting. Mia mbili tena, za Kijani.

"Zake."

"Si umesema amekufa?"

"Nadhani ni kwa sababu ya mgongo, mama. Nilipandia mgongo wake. Kila ninapofika, anaandikiwa."

Mama alisikiliza ting ya tatu. Kisha akashika ukingo wa kiti, akajiinua, akakaa, akajifunga kanga vizuri kama anayetaka kutoka.

"Huyo mtu wa mashati. Atarudi lini?"

"Alhamisi."

"Mlete hapa. Nataka aniambie mwenyewe. Hiyo siku ya pili, alivyonyamaza, alikuwa ameelekea wapi, ukutani au mlangoni. Nani alimfumba macho."

"Nitamwomba, mama."

"Usimwombe. Mashati yake usimpe dukani. Yabebe uje nayo, na yeye ayafuate."