Filamu Alizozisimulia Fundi Makochi

Zamani filamu moja iliutosha mtaa mzima kwa wiki nzima, ikagombaniwa sokoni, kwa kinyozi na kwenye foleni ya maji. Siku hizi kila mtu ana filamu mia mfukoni na hana mtu wa kugombana naye hata kuhusu moja.

Sisemi kwa kusikia. Miaka thelathini na mmoja nilisimama mlangoni mwa ukumbi wa sinema nikichana tiketi. Kusoma nilijifunza papo hapo, kwenye mabango: kwanza herufi kubwa, kisha majina ya wachezaji, mwisho yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna aliyehangaika nayo ila mimi. Na za sasa ninaziona pia. Mwezi uliopita mpwa wangu alinipeleka kwenye ukumbi mpya, ule ulio ghorofa ya nne juu ya duka la vyombo. Baridi kama mochwari. Ilikuwa filamu ya magari yanayoruka. Dereva aligonga ukuta mara saba na nywele zake zikabaki vilevile zilivyochanwa. Jirani yangu wa kiti alikuwa anaangalia filamu nyingine kwenye simu, humohumo ndani ya filamu aliyoilipia.

Nyumbani kwa mpwa nako kuna televisheni pana kama meza ya kulia. Wiki ileile tuliangalia ya daktari aliyependwa na mapacha. Mwanzo wake ulikuwa mzuri, nisiwe mchoyo. Lakini mke wa mpwa akaomba isimamishwe aende jikoni, mtoto akalia, simu ikaita, ikasimamishwa tena, na tulipofika mwisho hakuna aliyejua pacha yupi ni yupi. Sinema ya zamani haikumsubiri mtu. Ukienda msalani imekupita, itakubidi uulizie.

Na wa kumwuliza alikuwepo. Ndiye ninayetaka kumwandika.

Alikuwa fundi makochi, na hivyo ndivyo alivyoitwa na wote, Fundi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wetu, kimejaa sponji, mbao na vumbi la magunia. Viti mia tatu vya ukumbi vilipita vyote mikononi mwake. Alivua leksini, ile ngozi bandia ya viti, iliyochanika, akajaza upya, akashona kwa sindano iliyopinda kama ukucha wa paka. Kwa kazi hiyo mwenye ukumbi alimruhusu kuingia bure kila Jumamosi, onyesho la alasiri.

Mkewe nimemwita shemeji tangu siku ya kwanza, ingawa mimi na Fundi hatukuzaliwa tumbo moja. Yeye alikuwa dobi wa hospitali, mfua mashuka, na Jumamosi ilikuwa siku yake ya zamu. Hakuingia ukumbini hata mara moja. Alisimuliwa. Alirudi saa kumi na mbili jioni, akaweka pasi ya mkaa, na Fundi akaketi karibu na meza ya kupigia pasi akaanza. Majirani nao wakazoea kuja, kila mmoja na kigoda chake.

Alijua kusimulia, sina budi kusema. Akisimulia mvua, ulikunja miguu usilowe.

"Ngoja kwanza," jirani mmoja angesema. "Huyo mwenye kofia si ndiye aliyemwuza mwenzake?"

"Wewe tulia. Mimi bado natoa misumari, wewe unataka kukalia kochi."

"Na huyo mwanamume anayelia kila baada ya dakika kumi ana nini?" shemeji aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye pasi. "Aje kule kwetu kwenye mashuka siku moja tu. Atalia kwa sababu."

Watu walicheka hadi watoto wakatoka nje kuona kuna nini.

Filamu moja shemeji aliipenda kuliko zote. Ilikuwa ya mama aliyepotelewa na mwanawe vitani, akamtafuta mji kwa mji. Alivyosimulia Fundi, mama alimpata kwenye kituo cha treni, akamtambua kwa mgongo tu, kwa jinsi alivyoinama kufunga kamba za viatu. Shemeji alitaka kusimuliwa hiyo tena na tena. Sababu yake tuliijua. Kifungua mimba wao, mvulana wa miaka mitano, alifia wodi ya watoto katika hospitali ileile, mama yake akiwa chini kwenye masinki ya mashuka, baba yake ndiye aliyekuwa juu, kando ya kitanda chake. Binti waliyenaye alizaliwa baadaye. Filamu ile shemeji alikwenda nayo kazini. Alipopita na toroli lake la nguo na kuona mama ameketi kwenye benchi na mtoto mgonjwa, alisimama kidogo. "Usikate tamaa, mwanangu. Kuna mama mmoja alitafuta miaka minne, na alimpata."

Sasa niseme nililolijua mimi. Fundi alikuwa haoni mwisho wa filamu. Muziki ukianza kuwa mzito aliinuka, akatoka, akaja kuketi kwenye ngazi karibu na kiti changu, akaanza kunyofoa nyuzi kwenye mikono ya shati lake.

"Anakufa?" aliniuliza.

Mimi nilikuwa nimeshaiona mara sita. "Anakufa."

"Na yule mdogo?"

"Naye pia."

Alitikisa kichwa, akaenda zake kuushona mwisho wake mwenyewe. Jioni kigoda kwa kigoda watu waliuona mwisho ule wakarudi makwao wameshiba. Mimi niliyeziangalia zote hadi taa zikawashwa, hakuna aliyewahi kuleta kigoda kwangu. Neno hilo lilinikaa kooni miaka mingi kama mwiba wa samaki, na sikumwambia mtu.

Ukumbi ulifungwa, ukawa ghala la saruji. Sisi tukazeeka. Jumapili nikawa naenda kwao kunywa chai, na hapo tulitoa hukumu zetu juu ya filamu za kwenye televisheni. Shemeji hakupenda zile za mapenzi za siku hizi, alisema watu wake wanabusiana kabla hawajasalimiana. Fundi aliangalia fanicha. "Kochi lile ni la mbao laini," angesema, wakati mtu anachomwa kisu juu yake.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya chakula, mjukuu wao anayefanya kazi duka la dawa alikuja anachekelea. Alikuwa ameitafuta filamu ile kwenye mtandao akaipata.

"Bibi, leo unaiona kwa macho yako mwenyewe."

Fundi alisimama. "Nina kiti cha mtu nimekiacha wazi."

"Kaa chini, mzee," shemeji alisema. "Jumapili kiti gani kinakuita?"

Akakaa.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Shemeji aliongea na kioo kama anaongea na mgeni aliyechelewa. "Mbona huyu mama mwembamba hivi? Mimi nilimjua mnene. Na lile gauni jekundu liko wapi?"

"Bibi, hii haina rangi hata kidogo."

"Nyekundu niliipaka mimi," Fundi alisema, na sote tukacheka. Hatukucheka tena siku ile.

Mama alifika kituoni. Alishuka kwenye treni, na pale hapakuwa na kijana wala viatu. Alikuja mlinzi mwenye karatasi iliyofungwa kamba, na ndani ya karatasi mlikuwa na shati. Mama akalishika. Treni ikaondoka. Majina yakaanza kupanda.

"Wamekata," shemeji alisema. "Kuna kipande bado."

"Imeisha, bibi."

"Basi si yenyewe. Baba, si yenyewe hii, au sivyo?"

Fundi aliangalia viganja vyake. Shemeji akanigeukia mimi.

"Shemeji, wewe ulikuwa mlangoni. Sema."

Mzee ana mengi ya kusema mahali kama hapo. Angeweza kusema macho yamekwisha, miaka imepita, huenda zilikuwa mbili. Mimi nilisema hivi: "Ndiyo yenyewe. Na si hii tu. Mumeo hajaimaliza filamu hata moja maishani mwake. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia nani kafa, yeye anakuja kuwafufua hapa." Kisha nikacheka.

Mjukuu naye alicheka. Aliona ni jambo zuri. "Kumbe babu alikuwa anakupenda kiasi hicho!"

Shemeji alimwomba azime televisheni. Kisha akauliza, taratibu sana.

"Na ya mtoto?"

Mimi sikuelewa. Fundi alielewa.

"Uliniambia aliomba maji, ukampa, akanywa, akasema mama anakuja, akalala," shemeji alisema. "Miaka arobaini na mitatu naishi kwa maji yale. Ulikuwepo, au hiyo nayo ulitoka?"

Mjukuu alikuwa ameshika kikombe hajui akiweke wapi.

"Nilitoka," Fundi alisema. "Alianza kupumua vile... nikatoka, nikakaa kwenye benchi. Sista ndiye aliyekuja kuniita."

"Na maji?"

"Maji sijui."

Nilirudi kwangu kwa miguu. Njiani ndipo nilipokumbuka kwamba kabla ya mwaka ule aliofariki mtoto Fundi alikuwa anakaa kitini hadi taa ziwashwe kama watu wengine, na hata alikuwa wa mwisho kutoka kwa sababu alipenda kukagua viti. Hajaimaliza hata moja maishani mwake, nilisema. Mimi, msema kweli wa mlangoni.

Shemeji hakupiga kelele wala hakufunga mizigo. Alimpikia mumewe, akamwekea maji ya kuoga, akampigia shati pasi. Ila hakumwuliza kitu tena, hata saa. Televisheni iliwaka toka asubuhi na wao wameketi mbele yake kama abiria wasiojuana. Nilikwenda mara mbili kujaribu kuziba nilipotoboa.

"Shemeji, alidanganya kwa huruma."

"Huruma yake siikatai," alinijibu. "Ninataka kujua kama mwanangu alikunywa maji." Baada ya kitambo akasema, "Na wale wa kwenye mabenchi niliwaambia wangapi? Wangapi walikaa wakingoja kituo cha treni, kwa maneno yangu?"

Niligeukia televisheni. Filamu ilikuwa inaendelea, watu wanapigana juu ya paa, sauti imepunguzwa.

Alianza kutafuta. Hospitalini walimwambia mafaili ya zamani hiyo yalishachomwa kupata nafasi. Lakini mwenzake wa kufulia akamwambia kwamba Sista, yule muuguzi aliyekuwa mkuu wa wodi ya watoto, yu hai, anaishi kwa binti yake nyuma ya chuo cha ualimu. Shemeji alikuja mlangoni kwangu asubuhi ya Jumanne, amevaa viatu vya kutokea.

"Nisindikize. Wewe unasoma namba za nyumba," alisema. Hakutabasamu.

Fundi alitufuata. Hakuna aliyemwalika. Alitembea hatua kumi nyuma yetu, shati limenyooka, kofia mkononi. Shemeji hakugeuka hata mara moja, lakini kila tulipofika barabara ya kuvuka alisimama, na hakuvuka mpaka hatua za mumewe zimefika nyuma yake.

Wiki iliyofuata binti yao alikuja na gari akawachukua wote wawili kwenda kuishi kwake, mji wa mbali, na mimi sikuitwa kuaga wala sikujipeleka. Mjukuu huniambia kwenye dirisha la dawa kwamba hawajambo. Kile walichoambiwa na Sista hakijui, nami sijathubutu kumtuma aulize. Kwa hiyo mara ya mwisho niliwaona asubuhi ile ya Jumanne, mbele ya nyumba yenye lango la kijani. Binti wa Sista alitufungulia akasema mama yake asubuhi husikia vizuri. Kutoka ndani sauti ya kikongwe iliuliza ni nani.

"Dobi," shemeji alijibu kwa sauti. "Dobi wa mashuka, Sista. Mama wa yule mtoto wa kitanda cha dirishani."

Kisha sauti ikasema, "Ingia. Nakukumbuka."

Nikainua mguu niingie.

"Wewe baki, shemeji," aliniambia. "Hili halikuhusu."

Fundi alikuwa amefika kizingitini akasimama hapo, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, anaangalia nyuma barabarani tulikotoka. Shemeji alimshika mkono wa shati, akamvuta ndani, na mlango ukafungwa.