Adolphe na pirogi iliyokataa kutia nanga

Jumamosi, tarehe 20 Januari 2024. Jua kali tangu asubuhi, anga imefifia kwa vumbi la kiangazi, upepo mdogo kutoka ziwani. Hakuna mvua.

Tulikuwa tumeshuka kutoka Bunia kwa pikipiki, moto kama tunavyoiita hapa, siku iliyotangulia, Adolphe mbele, mimi nyuma, kwa njia ya Bogoro na Kasenyi hadi Tchomia. Adolphe ni fundi wa maabara. Siku za kazi anainama juu ya hadubini kutafuta vijidudu vya malaria katika damu ya watu. Akipata mapumziko anatafuta ndege. Wengi mjini hawaelewi mtu wa miaka hamsini na kitu anapata nini humo, naye hajawahi kuwaeleza. Anasema tu kwamba macho yake yamezoea kungoja.

Safari hii alikuwa anangoja ndege mmoja. Ni ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye mdomo mwekundu ambao kipande chake cha chini kinapita cha juu. Akitafuta chakula huruka chini kabisa, mdomo wazi, akichana maji. Adolphe humwita mdomo-mkasi. Mwaka juzi aliona kitu kama hicho kikipita mbali, hakuwa na hakika, na kutokuwa na hakika kumemsumbua hadi leo.

Tulikaa ufukweni, mbali kidogo na tanuru za udongo ambamo akina mama hukausha samaki kwa moshi. Mbele yetu, ndani ya maji, palikuwa na ulimi wa mchanga uliojaa ndege: shakwe, mnandi wenye mabawa yaliyotandazwa, yangeyange wachache. Ubaya wa upande wetu wa ziwa ni kwamba asubuhi jua linatoka juu ya maji na kukupiga usoni. Adolphe alivuta kofia hadi kwenye nyusi, akainua darubini yake, ambayo hapa wote tunaiita jumele, akaanza kupita ndege mmoja baada ya mwingine kutoka kushoto.

Hakufika mwisho. Akasimama katikati.

“Iko mmoja amelala,” alisema polepole. “Ameweka kidevu ku mchanga. Kichwa kimefichwa nyuma ya shakwe. Akiinua tu, basi.”

Akabaki hivyo, viwiko juu ya magoti, bila kusogea. Pirogi zilikuwa zinarudi kutoka kuvua usiku. Moja, yenye ubavu uliopakwa rangi ya buluu, ilikaribia, kisha ikasita. Wapiga kasia wakaishikilia mbali na ufuko, ikawa inapanda na kushuka mahali pale pale. Mmoja wao akapaza sauti kuelekea kwenye tanuru. Sikutilia maanani.

Mama mmoja alitoka kwenye tanuru akaja kwetu kwa hatua za haraka, mikono imejaa majivu. Jina lake Godelive, tulilijua baadaye.

“Papa, weye njo unazuia bwana yangu afike?”

Adolphe hakushusha jumele. “Mama, jambo. Miye sizuie mutu.”

“Unazuia. Angaria pirogi ya buluu. Médard iko mule. Tangu jua ipande anaona kitu inawaka-waka ku macho yako. Anasema huyu ni mutu ya kuangaria nyavu, eti balimutuma atuandike.”

Ndipo nilipoelewa. Jua lilikuwa linapiga vioo vya jumele na kurudi ziwani kama mtu anayepiga ishara kwa kioo. Na kwenye ziwa hili, mpaka wa nchi ukiwa katikati ya maji, anayeonekana ufukweni na jumele hahesabiwi kuwa mtu wa ndege. Ni askari, au ni mtu wa kodi, au ni mtu wa kukamata nyavu zenye macho madogo.

“Niko na karatasi ya ruhusa,” Adolphe akasema. “Tulionyesha ku biro ya serkali jana.”

“Karatasi! Banaisoma mu maji?”

“Mama, naangaria ndege tu.”

“Ndege? Njoo ku tanuru yangu, iko ndege pale inaniiba kila siku, utaiangaria bure.” Kisha sauti yake ikashuka. “Papa, ile samaki ilitoka mu maji usiku. Jua inaipiga. Kuni zangu zinaisha. Kama inaoza, wiki yote miye nauza nini?”

“Unipe kidogo. Kidogo tu. Anainua kichwa sasa hivi.”

“Kidogo yako njo inaozesha.”

Adolphe alishusha jumele. Alitazama ulimi wa mchanga kwa macho matupu, ambako ndege walikuwa madoa tu, kisha pirogi. Akauvua ukanda shingoni akampa yule mama jumele. “Beba. Muonyeshe iko kwako.”

Godelive hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliivaa jumele shingoni, akaingia majini hadi magotini, akafungua kitenge cha juu na kukipunga kwa nguvu zake zote.

“Médard! Njoo! Ni mutu ya ndege! Jumele iko kwangu! Njoo, mupumbafu weye, samaki inakufa mara ya pili!”

Wale waliokuwa kwenye pirogi wakacheka, kasia zikaingia majini. Na ndege wote wa ulimi wa mchanga wakaruka pamoja. Mmoja alijitenga na wenzake, akaenda chini kabisa juu ya maji upande wa kaskazini. Adolphe alisimama, mkono juu ya macho, akamfuata hadi akapotea kwenye mng'ao.

“Ni yeye?” nikauliza.

“Sikuona mudomo,” alisema.

Akakunja suruali akaenda kusaidia kubeba mabeseni. Sehemu kubwa ya samaki ilikuwa bado nzuri. Waliolegea Godelive aliwapasua na kuwatia chumvi, akinung'unika. Médard, mwanamume mfupi mwenye kifua kipana, alimpa Adolphe mkono wenye magamba.

“Afande wa ndege! Ulituchomesha jua.”

“Unisamehe, ndugu yangu.”

Jioni Adolphe aliandika shakwe, mnandi na yangeyange. Yule mwingine hakumwandika.

Kesho yake, Jumapili, alishuka ufukweni mapema lakini aliiacha jumele ndani ya mfuko wake hadi pirogi ya mwisho ilipovutwa mchangani. Hapo akaitoa, akawapa wavuvi waangalie wenyewe. Walisukumana kama watoto wa shule. Médard alipoipata hakuielekeza ziwani. Aliigeuzia kwenye tanuru.

“Godelive! Niko naona meno yako!”

“Angaria kuni basi,” mke wake akajibu bila kugeuka, “uniletee ingine.”

Wengine wakaanza kuidai. Adolphe akakaa juu ya ukingo wa pirogi ya buluu, uso kuelekea ulimi wa mchanga ambako ndege walikuwa wameanza kutua tena, akangoja zamu yake.